Karatasi Aliyoisoma Mzee Festo

Watu waliokuja kupima nyumba Jumamosi ile hawakupiga hodi. Walikuwa wawili. Mmoja alishika ncha ya tepu kwenye kona ya choo, mwingine akarudi kinyumenyume kuelekea barabarani, akikanyaga tuta la mchicha pasipo hata kutazama chini. Julieth alikuwa barazani kwenye cherehani yake, akimalizia sare ya mtoto wa shule. Alisimama, akatoa pini mdomoni.

"Jamani, habari za asubuhi. Mnatafuta nini?"

"Tunapima, dada. Mwenye nyumba katutuma."

"Mwenye nyumba yule pale," Julieth akasema, akimwonyesha baba yake aliyekuwa upenuni akigonga kitako cha ndoo. "Na hajamtuma mtu."

Yule wa tepu akacheka kidogo, kama mtu asiyetaka ugomvi lakini anajua yuko upande wenye nguvu. "Huyo alikuwa mwenye nyumba, dada yangu. Sasa hivi ni Bwana Shigela."

Nyundo ya Mzee Festo ilinyamaza. Alikuja taratibu, mikono imejaa weusi wa bati, mtu wa miaka sitini na sita, fundi anayejulikana kata nzima ya Ng'ambo kwa ndoo zisizovuja, na mzee wa kanisa pale Moraviani. Yule kijana alitoa karatasi mfukoni, akampa yeye kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Mzee hakuipokea.

"Mpe binti," alisema. "Miwani yangu iko ndani."

Julieth aliisoma kimya, kisha akairudia kwa sauti. Ilisema kwamba Festo Mayala, akiwa na akili timamu, amemuuzia Bwana Shigela nyumba ya vyumba vinne pamoja na kiwanja chake chote, kwa shilingi milioni kumi na nane. Amepokea milioni mbili. Zilizobaki atapokea siku ya kukabidhi funguo, ndani ya siku thelathini. Mstari wa mwisho ulisema: Nimeisoma karatasi hii mwenyewe na kuielewa.

"Baba, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeuza nyumba?"

Jibu la kweli lilikuwepo, na lilikuwa fupi, maneno mawili tu. "Tutaongea ndani," akasema.

*

Tuseme ukweli mapema tusizungushane: Mzee Festo hakujua kusoma. Utoto wake aliumalizia nyuma ya ng'ombe wa watu kule Choma, na alipokuja Tabora mjini alikuwa kijana mwenye ndevu, aliyeona haya kuanza a-e-i-o-u. Mkewe, Recheli, alimfundisha kuandika jina lake. Herufi nyingine walikubaliana watazianza baada ya mavuno, kisha baada ya Pasaka, kisha watoto wakikua. Recheli alizikwa miaka miwili iliyopita na herufi hizo bado hazijaanza.

Lakini mzee alikuwa na kichwa. Kila jioni Recheli alimsomea somo la Jumapili mara tatu, na Jumapili ikifika alisimama mbele ya washarika, Kitabu kimefunguliwa, akalitoa neno kwa neno huku akiwatazama watu usoni. Mchungaji alimsifia: msomaji gani huyu asiyepoteza mstari hata akiinua macho! Kutokana na usomaji huo akachaguliwa mzee wa kanisa, na kutokana na uzee wa kanisa mtaa mzima ukaanza kumwita kwenye karatasi zao. Mtu akiuza kiwanja, akitaka shahidi anayeeleweka, anasema mwiteni Mzee Festo.

Recheli alipofariki, mzee alisingizia macho. Kumbe alijitafutia balaa. Washarika walichanga, wakampeleka kwenye kambi ya macho, na nesi akamsimamisha mbele ya ubao wa herufi. "Unaona nini hapo?" Sioni. "Na hii kubwa kabisa?" Sioni. Mzee wa watu, mwenye macho ya kuona ufa wa bati usioonekana, akarudi nyumbani na miwani mizito ambayo akiivaa ardhi inamjia usoni. Aliivaa hivyo hivyo, na kanisani akawa anarudia masomo aliyokwisha kuyashika. Mara mbili alijigonga kidole gumba kwa nyundo, akawaambia watu ni uzee.

Ndipo akaja Fikiri. Hakuitwa, wala nyumba haikuwa na tangazo. Ilikuwa Jumanne, Julieth kaenda Nzega kumfuata baba wa watoto wake kwa habari ya matunzo. Fikiri ni dalali, mtu wa viatu safi na shikamoo nyingi. Alisifu ndoo, akasifu mahali nyumba ilipo, barabara inavyopitika, kisha akasema ana mtu anayetaka kukodi uwanja wa mbele kwa miaka mitano, aweke kontena la vinywaji baridi. Kodi yote mara moja, milioni mbili mkononi. Karatasi alikuja nayo, mashahidi alikuja nao, vijana wawili waliokaa kwenye benchi wakichezea simu.

"Lakini soma kwanza, mzee wangu," Fikiri alisema. "Mimi simharakishi mtu. Kesho usije ukasema Fikiri kanidanganya."

Angeweza kusema: niachie karatasi, binti yangu anarudi Alhamisi. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kumjibu mnunuzi siku ile ile aliyomvamia. Lakini angesemaje hivyo, yeye, mbele ya vijana wawili? Alivaa miwani. Akapeleka macho mstari kwa mstari, kama alivyomwona Recheli akifanya. Katikati alisimama, akakunja uso, akarudi juu kidogo, halafu akashuka tena. "Hapa mmeandika vizuri," akasema, akagusa mahali fulani kwa kidole. Akasaini.

Asichokumbuka mzee ni kwamba majuma mawili nyuma, mmoja wa vijana wale alimletea oda ya ndoo kumi, vipimo vyake vimeandikwa kwenye kikaratasi. Mzee alikitia mfukoni, akazitengeneza kwa kipimo chake cha siku zote. Kijana alizipokea, akazilipia, wala hakulalamika hata kidogo kwamba vipimo sivyo alivyoviandika.

*

Ndani, Julieth hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, karatasi mkononi.

"Pesa ziko wapi?"

Mzee alitoa boksi la bati chini ya kitanda. Milioni mbili zilikuwemo zote, zimefungwa kwenye kitambaa. Alikusudia kumnunulia Julieth cherehani ya umeme, amshtukize. Sasa angesema hivyo ingekuwa kama kumrushia mfupa.

"Kwa hiyo ni kweli," Julieth alisema.

"Mimi nilijua nakodisha uwanja wa mbele."

"Nyumba na kiwanja chote, imeandikwa hapa kwa herufi kubwa! Si ulisoma?"

Mzee akaanza kukifunga upya kile kitambaa.

"Baba, wewe ndiye msomaji wa kanisa zima. Usinifanye mtoto mdogo. Kama tumekuwa mzigo, sema. Nimerudi na wanangu wawili, nimekujazia nyumba kelele, najua. Ungeniambia, ningetafuta chumba cha kupanga. Au kuna mwanamke? Kama ni mwanamke pia sema, mimi si wa kukuzuia."

"Hakuna mwanamke."

"Basi kwa nini?"

Hapa ndipo inaposhangaza, na aliyeishi na siri kwa muda mrefu ndiye pekee atakayeelewa. Mzee Festo alipima mambo mawili: mwanawe amwone baba aliyewauzia wajukuu zake paa, au amwone baba asiyejua kusoma. Akachagua la kwanza.

"Niliuza," alisema. "Ndiyo. Niliuza."

Julieth akaiweka karatasi juu ya boksi. "Mama angekuwa hai usingethubutu," alisema. Mzee alijibu kwamba ni kweli asingethubutu, na hilo, angalau, lilikuwa kweli. Chakula cha mchana hakikuliwa. Wajukuu waliambiwa wakacheze kwa jirani, na walipopita upenuni walimkuta babu yao anagonga ndoo ambayo tayari ilikuwa imekwisha.

*

Julieth si mtu wa kulia na kukaa. Jumatatu alimtoa baba yake nyumbani kama anavyotolewa mtoto kwenda sindano, wakaenda hadi ofisi ya kata. Pale, siku mbili kwa juma, hukaa dada mmoja aitwaye Advera, msaidizi wa kisheria, nyuma ya meza iliyotiliwa tofali mguu mmoja. Anasikiliza watu bure. Aliisoma karatasi mara mbili, akaanza kuuliza.

"Shikamoo, baba. Nyumba uliitangaza inauzwa, au alikufuata tu?"

"Alinifuata."

"Kukufuata si kosa. Kosa ni kukulaghai. Mama yupo?"

"Marehemu."

"Pole sana. Angekuwepo, tungemaliza hapa hapa, maana nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Mashahidi ni wako?"

"Alikuja nao."

"Mwenyekiti wa mtaa aliitwa?"

"Hapana."

"Kwa mdomo alikwambia nini?"

"Kukodi uwanja."

Advera alikuwa akiandika kwa haraka, uso umeanza kuchangamka. "Na karatasi, ulisomewa au ulisoma mwenyewe?"

Julieth alikuwa ameketi pembeni yake. "Nilisoma mwenyewe," mzee alisema.

Kalamu ikasimama. "Basi hapo, baba, ndipo penye mwiba. Kama ulisoma kuuza ukasaini kuuza, nikisema ulidanganywa watanicheka. Ingekuwa hujui kusoma, habari ingekuwa nyingine."

"Nyingine kivipi?" Aliuliza haraka mno, hata Julieth akamgeukia.

"Asiyejua kusoma haachwi hivi hivi. Lazima asomewe, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na aliyemsomea aandike jina lake chini: nimemsomea huyu, naye ameelewa. Karatasi isiyo na hilo inayumba. Yule anayemsomea ndiye ukuta wake, baba. Ukuta ukiwa mbovu, mtu amekwisha."

Mzee Festo alitoa leso, akajifuta uso. Maana jina lake lilikuwa chini ya karatasi ya namna hiyo. Miaka sita iliyopita Zabibu, mjane wa mtaa wa pili, alikuwa akiuza nusu ya uwanja wa nyuma apate ada ya watoto, na kwa kuwa hakujua kusoma alimwita Mzee Festo amsomee. Mzee alimsomea. Alishika karatasi, akatoa kwa sauti nzuri yale ambayo mnunuzi alimwambia pale mlangoni. Nusu, akasema. Zabibu akaweka dole gumba, yeye akaandika F. Mayala. Mnunuzi alipojenga ukuta, ulikuja mpaka hatua moja kutoka mlango wa jiko, maana karatasi ilisema uwanja wote. Zabibu alimfuata akilia: Baba Julieth, ulinisomea nusu. Naye akamjibu, kwa upole kabisa, "Labda ulisikia vibaya, mama." Mtaa ukasema Mzee Festo ndiye aliyesoma, na maneno yakaishia hapo.

"Baba, vipi?" Advera aliuliza. "Unajisikia vibaya?"

"Joto," mzee alisema.

*

Baraza la kata lilikaa Ijumaa kusuluhisha. Mwenyekiti, Mzee Yahaya, aliketi katikati. Kulia kwake alikaa Mama Eustadia, mwalimu mstaafu, ambaye hata akikusalimia unahisi umekosea hesabu. Mezani palikuwa na vitabu viwili vya kuapia, cha Waislamu na cha Wakristo. Watu walijaa mabenchi, na waliokosa nafasi walisimama madirishani, kwa kuwa habari za nyumba za watu ni tamu Ng'ambo kama mahali pengine popote.

Bwana Shigela, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Igunga, alisema maneno machache. Yeye alitoa pesa kwa dalali, akaonyeshwa sahihi, anataka nyumba yake. Hakuwa mkali. Alionekana mtu aliyechoka kusafiri.

Fikiri alisimama kwa raha. "Waheshimiwa, mimi nilimwambia mzee wangu asome kwanza, na mashahidi hawa walikuwepo. Akasoma yote, akasema tumeandika vizuri. Sasa niwaulize wanaosali Moraviani: kanisani kwenu anayesoma ni nani?"

"Mzee Festo!" watu wakaitikia, wengine wakicheka.

"Sina la ziada," Fikiri akasema, akaketi.

Mzee Yahaya aligeuka. "Mzee mwenzangu, tusaidie. Ulisoma au hukusoma?"

Julieth alikuwa benchi la mbele, anatazama sakafu. Tangu Jumamosi hakuwa amemwita baba. Aliweka chakula, akaondoa sahani, akasema kimepoa au kipo cha kuongeza, basi. Jana mzee alimkuta akifunga nguo za watoto kwenye mifuko. Alipoikumbuka ile mifuko, alisimama.

"Sikusoma."

"Kwa nini?"

"Sijui kusoma."

Kicheko kilianzia dirishani, kikaingia ndani, kikazunguka. Mzee Festo alijiandaa kwa kila aina ya aibu, lakini si hii ya kutoaminiwa. Anton, mzee wa kanisa mwenzake, alisimama akiwa na machozi kabisa.

"Festo, ndugu yangu. Nyumba ni kitu cha kupita. Usiseme uongo mbele za watu kwa ajili ya nyumba. Miaka ishirini nakusikiliza ukitusomea."

"Amefundishwa huyu," Fikiri akadakia, macho kwa Advera aliyesimama mlangoni. "Kaambiwa sheria inamtetea asiyejua kusoma, na leo ghafla hajui."

"Baba, kaa chini," Julieth alinong'ona. "Umeuza, basi. Usitudhalilishe zaidi."

Mama Eustadia alimpa ile karatasi ya mauziano, akamwambia aanze mstari wa kwanza. Mzee akasema hawezi. "Hata mimi ukinipa nitasema siwezi," Fikiri akasema, na watu wakacheka tena. Alikuwa na haki. Anayejua anaweza kuonyesha kwamba anajua, lakini asiyejua ataonyesha nini?

Mzee Festo alisogea mbele ya baraza. Kisha akavua miwani, akaiweka mezani.

"Mwalimu," alimwambia Mama Eustadia, "naomba hicho kitabu chetu cha kuapia. Kifungue popote, unishikie."

Mama Eustadia akafungua, akaja kusimama karibu naye. Na Mzee Festo akafanya kile alichokifanya Jumapili zote za maisha yake. Alikohoa kidogo. Alishusha macho kwenye ukurasa, akaanza, kwa ile sauti yake ya kanisani iliyonyooka, habari ya wachungaji wanaolinda kundi usiku na malaika anayewatokea. Hakukosea neno. Katikati aliinua macho akawatazama watu, akayashusha tena. Mama mmoja nyuma akasema amina.

Fikiri alipiga makofi. "Mmemsikia wenyewe!"

"Nimemsikia," Mama Eustadia alisema. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ukurasa. "Hapa nilipofungua pana majina ya watu na hesabu ya kondoo na mafahali. Hakuna malaika hapa." Akafunua karatasi nyingi mara moja. "Na hapa, mzee? Endelea."

Mzee Festo akaendelea pale alipoishia, wachungaji wakiondoka kwenda mjini. Mama Eustadia alisikiliza mstari mmoja, miwili, kisha akakifunga kitabu polepole.

"Inatosha," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mwalimu. "Huyu mzee hajui kusoma. Hata hajaanza."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Anton alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyepigwa, pengine akizikumbuka Jumapili zake za miaka ishirini. Vijana wa dirishani walimtazama Mzee Festo jinsi watu wanavyomtazama mtu mzima aliyedondokwa na nguo sokoni, kisha wakatazama pembeni. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ya moto, ikafika masikioni, na alitamani nyumba ichukuliwe na ardhi yake na yeye mwenyewe. Hakumtazama Julieth.

Bwana Shigela ndiye aliyesimama kwanza. "Mimi nataka nyumba, sitaki laana," alisema. Akamgeukia Fikiri. "Pesa zangu utanipa wewe, na utanieleza vizuri."

Ikaandikwa suluhu: mauziano yamefutwa, milioni mbili zinarudi kwa Bwana Shigela kupitia kwa Fikiri, nyumba inabaki ya Festo Mayala. Mzee Yahaya aliamuru mzee asomewe. Mama Eustadia akamsomea taratibu, mara mbili, akimuuliza kila mstari ameelewa nini, kisha akaandika jina lake chini. Mzee Festo akanyoosha mkono apewe kalamu.

"Hapana, mzee wangu," karani alisema, akamsogezea kidau cha wino. "Weka dole."

Akaweka dole.

*

Nje, Julieth alimngoja chini ya ukuta wa ofisi. Watu waliwapita wakijifanya wana haraka.

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyekuwa ananisomea."

"Na kwa nini uliniambia umeuza? Wiki nzima nakuchukia, baba. Wiki nzima."

Mzee alifuta wino kwenye suruali. "Kuuza nyumba ni kosa la mtu mzima," alisema. "Kutojua kusoma niliona ni la mtoto. Nikaona haya."

Julieth alimshika mkono, ule wenye wino, akaanza kuuvuta kuelekea nyumbani. Mzee hakwenda.

"Kuna mahali tupite kwanza. Kwa Zabibu."

"Kufanya nini?"

Alimweleza njiani. Alipofika kwenye lile neno, labda ulisikia vibaya, mama, Julieth aliuachia mkono wake. Alitangulia mbele mpaka mlangoni.

Zabibu alikuwa akipeta mchele nyuma ya nyumba, kwenye kile kinjia kati ya jiko na ukuta wa watu, mahali ambapo ungo ukizungushwa unagusa matofali. Binti yake mkubwa, Ummy, aliyekuwa akifua, alimwinamia mama yake sikioni.

"MAMA! KUNA WAGENI! BABA JULIETH!"

"Nimewaona," Zabibu alisema.

"Hasikii vizuri," Ummy aliwaeleza kwa sauti ya kawaida. "Ni ya siku nyingi. Tangu lile suala la kiwanja ndipo tulipogundua."

Mzee Festo hakuketi kwenye kigoda alichopewa. "Mama Ummy," alisema, "siku ile nilikusomea nusu. Ulisikia nusu, na ndivyo nilivyosema. Ila sikusoma. Sijui kusoma. Nilisema aliyoniambia mnunuzi, nikaandika jina langu. Na ulipokuja kuniuliza nikakwambia umesikia vibaya. Nilikuwa najua umesikia vizuri."

Ungo ulisimama. Zabibu aliutua chini. Kwa muda aliwatazama kuku waliokuja kudonoa chuya, hakuwafukuza.

"Nitakwenda barazani kwa ajili yako," mzee alisema. "Nitasema kama nilivyosema leo."

"Utakwenda," Zabibu alisema. "Jumatatu tutakwenda wote. Lakini hilo la kiwanja ni la Jumatatu." Alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Miaka sita, Baba Julieth. Miaka sita katika nyumba yangu mwenyewe naongeleshwa kama mbuzi aliyepotea. Posa ya mwanangu ilipokuja hawakuniita kikaoni, walisema mama atasikia nini. Hata mimi nikaanza kuamini. Nikisikia adhana najiuliza, ni kweli inaadhiniwa au ni masikio haya?"

Ummy alikuwa amesimama na nguo inayochuruzika maji mkononi. Zabibu hakumtazama. Aliita majina, moja baada ya jingine, mpaka wakatoka wote: mkwewe aliyekuwa amelala, kijana wake wa mwisho na simu yake, wajukuu, na jirani aliyechungulia juu ya ukuta.

"Haya," alimwambia Mzee Festo. "Kwa ile sauti yako ya kanisani."

Mzee alivuta pumzi, akaanza upya, akataja jina lake, akataja siku, akasema nusu, akasema hajui kusoma, akasema mama yenu alisikia vizuri. Alipomaliza, hapakuwa na aliyejua atazame wapi. Zabibu peke yake ndiye aliyekuwa amesimama wima, mkono kiunoni, shingo ameielekeza upande wa barabarani.

"Rudia," alisema. "Wa nyumba ya pili hawajasikia."